Vitafunio vya sikukuu ya Idi kwa watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo kwanza. Kikombe hapa ni mililita 250, kijiko cha kulia 15, kijiko cha chai 5. Vikombe vingi vya chai vya nyumbani havifiki 250, kwa hiyo pima chako kwa chupa ya maji ya nusu lita: ikijaza vikombe viwili kamili, hicho ndicho.

Kwani kuna ubaya gani mtoto akila kaimati siku ya sikukuu?

Hakuna. Kaimati nne tano hazimdhuru mtoto mwenye afya. Kinachowaumiza watoto ni mfululizo: chai ya maziwa yenye sukari asubuhi, visheti kwa bibi, juisi ya ukwaju kwa shangazi, soda na ubuyu kwenye viwanja vya sikukuu, Kariakoo ya Unguja au Tibirinzi ya Pemba, halafu biriani ya saa nane wala haipiti. Na hiyo ni Sikukuu Mosi tu. Bado Pili, Tatu na Nne.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka sita, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 18, yaani vijiko vya chai vinne na nusu. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi. Ndiyo maana sisi hatuanzi na kaimati. Tunaanza na vinywaji, kisha shira, kisha sukari iliyomo ndani ya unga. Iliki, nazi na maumbo ya sikukuu havina kosa.

Ni vitafunio gani vya kwetu vinavyokubali kupunguzwa sukari, na vipi havikubali?

Vitumbua vinakubali sana. Mkate wa kumimina unakubali nusu. Kaimati unga wake hauna haja ya sukari hata kidogo, utamu wote uko kwenye shira. Visheti vinakubali shira nyepesi, lakini havidumu sana. Halua na kashata za sukari haviingiliki: ukipunguza sukari, halua haishiki na kashata haigandi. Hivyo viacheni vilivyo, mumpe mtoto kipande cha ukubwa wa kiberiti, yaishe.

Vitumbua vya ndizi vinapikwaje?

Roweka vikombe 2 vya mchele saa 6 hadi 8, uoshe, uchuje. Saga na kikombe 1½ cha tui zito mpaka ukivipikicha kwa vidole husikii chenga. Malizia kusaga na ndizi kisukari 2 zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, hamira kijiko 1 cha chai na iliki nusu kijiko cha chai. Funika, uache uumuke dakika 45 hadi saa moja. Hapo ndipo utie sukari vijiko 3 vya kulia na chumvi kidogo, ukoroge taratibu, na usubiri dakika 10 nyingine.

Chuma kiwe na moto wa wastani, kila shimo nusu kijiko cha chai cha mafuta. Geuza ukingo ukishakauka na matundu yakishafunguka juu. Hutoka vitumbua 28 hadi 30. Kwa robo tatu ya kikombe cha sukari, kama wengi wanavyotia, kila kimoja kingebeba kama gramu 5 za sukari. Hapa ni gramu moja na kidogo, ukiacha utamu wa ndizi.

Yanayoharibika ni matatu. Uji ukiwa mzito sana, ni kwa sababu sukari huyeyuka na kuulegeza uji, na hapa umetia kidogo: ongeza tui vijiko 2 au 3. Vitumbua vikishika kwenye chuma, ni ndizi. Sukari yake huungua haraka kuliko mchele, kwa hiyo punguza moto na upake mafuta kila mzunguko. Vikiwa vibichi katikati, umezidisha ndizi. Mbili ndogo zinatosha, ya tatu inaharibu.

Mkate wa kumimina nikitia sukari kidogo unakuwa mweupe na mkavu. Kwa nini?

Kwa sababu sukari kwenye mkate huu haifanyi kazi ya utamu tu. Ndiyo inayoushikia maji usikauke, na ndiyo inayoupa rangi juu. Kwa vikombe 2 vya mchele tunatia nusu kikombe badala ya kimoja. Chini ya theluthi moja ya kikombe mkate unakuwa kama boflo la jana, na mtoto hataugusa. Basi huna ulichookoa.

Kuusaidia: tui liwe zito kweli (kikombe 1½, la kwanza), ute wa yai moja uupige kidogo uutie mwisho, na makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini katika dakika kumi za mwisho. Kwenye oveni ni nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 35. Sufuria liwe limeshapata moto na mafuta kabla hujamimina, la sivyo chini hugandamana na matundu hayaonekani. Kwa watoto, mimina kwenye vikopo vidogo vya keki, dakika 18 hadi 20. Kila mmoja anapata wake mzima na hakuna ugomvi wa kipande kikubwa.

Kaimati bila shira?

Bila shira kabisa ni maandazi madogo. Mtoto anajua, usimdanganye. Badili shira iwe rojo ya tende.

Chemsha kikombe 1 cha tende zilizotolewa kokwa na vikombe 1½ vya maji kwa dakika 15, moto mdogo. Ponda, chuja, rudisha motoni mpaka ukichovya mwiko rojo inaushika bila kuchuruzika. Tia maji ya ndimu kijiko 1 cha chai na iliki. Kaimati 20 zinatosheka na vijiko 4 vya kulia vya rojo, zimiminie juu na unyunyize ufuta uliokaangwa.

Sasa tabu yake. Shira ya sukari hukauka juu ya kaimati ikafanya ganda, na ganda hilo ndilo linaloiweka ngumu nje mpaka jioni. Rojo ya tende haigandi. Baada ya nusu saa kaimati zimelowa. Basi zipeleke mezani kavu, rojo kwenye bakuli, na imiminwe watoto wakishakaa. Na tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: tende nazo ni sukari, zaidi ya nusu ya uzito wake. Faida ni nyuzinyuzi, na kwamba vijiko vinne vya rojo ni kidogo sana kuliko shira inayonyonywa na kaimati zilizozamishwa.

Usizifanye ndogo kama komwe ukidhani unapunguza mafuta. Kaimati ndogo zina ngozi nyingi kwa uzito uleule, na mafuta huingia kupitia ngozi. Kinachopunguza mafuta ni joto: donge dogo la unga likitupwa lizame kidogo na kuibuka ndani ya sekunde mbili tatu likichemka pembeni. Likikaa chini, mafuta bado baridi na unga utayanywa.

Tunaweza kutengeneza nini chenye umbo la mwezi na nyota bila kununua vibati vya kukatia?

Glasi moja inatosha kwa mwezi. Sukuma unga au bapa la tende liwe na unene wa nusu sentimita. Bonyeza mdomo wa glasi, utoe duara. Halafu isogeze glasi ndani ya duara lilelile kwa upana wa vidole viwili ubonyeze tena: kinachobaki upande mmoja ni mwezi mwandamo, na kilichomo ndani ya glasi ni umbo la kokwa ya embe, nacho kinaliwa. Chovya mdomo wa glasi kwenye unga mkavu kila mara. Nyota ni kazi zaidi. Kata nyota ya karatasi ngumu, iweke juu, uzungushe ncha ya kisu. Watoto wenyewe wakate nyota za tikiti au papai, hizo hata zikipinda hazina hasara.

Biskuti za mwezi tunazozipenda ni za viazi vitamu: unga wa ngano gramu 200 (nusu yake uwe wa ngano nzima ukiupata), kiazi kitamu kilichoiva na kupondwa gramu 150, siagi gramu 60, sukari gramu 40, baking poda kijiko 1 cha chai, iliki nusu kijiko, chumvi chembe. Changanya siagi na sukari, tia kiazi, kisha unga, ukande kwa muda mfupi tu mpaka ushikane. Oveni nyuzi 180, dakika 15 hadi 18. Zinatoka kama 25, laini kidogo katikati.

Kiazi kipikwe na maganda yake, kwa mvuke au kwa kuchomwa. Ukikimenya ukakichemsha kinakunywa maji, unga unanata kwenye glasi, unaongeza unga mkavu, na biskuti zinatoka ngumu kama kigae. Asiye na oveni aweke sinia ndogo ndani ya sufuria kubwa juu ya vijiwe vitatu, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na aanze kuchungulia dakika ya 12.

Kuna kitu cha kutengeneza mapema? Mwezi hatuujui kama utaonekana leo au kesho.

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, kwa sababu ukishakuna nazi usiku wa mwezi 29 na mwezi usiandame, una tui la kumwaga. Kata shauri hivi: vya tende, ufuta na biskuti vifanywe siku mbili tatu kabla. Mchele uroweke tu, maana ukikosekana mwezi unachujwa na kuingia kwenye friji mpaka kesho. Nazi isiguswe mpaka tangazo lisikike.

Vidonge vya tende ndivyo vinavyongoja bila kulalamika. Tende gramu 250 bila kokwa, ufuta gramu 100 uliokaangwa mkavu mpaka unuke na kuanza kuruka, njugu gramu 75 zilizokaangwa na kutwangwa, mdalasini nusu kijiko cha chai. Tende zikiwa kavu, zipitishe kwenye mvuke dakika 5. Usizitie maji, maji huleta ukungu. Twanga zote kwenye kinu, viringisha vidonge 28 vya gramu 15, au sukuma bapa ukate miezi. Kwenye kopo lenye mfuniko hukaa wiki nzima. Ukizungushia nazi, weka kwenye friji.

Njugu zichague moja moja. Zilizosinyaa, nyeusi, zenye ukungu au chungu zitupwe, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi.

Mtoto wangu hapendi vitamu. Vya chumvi je?

Ana bahati huyo. Mtengenezee katlesi za jodari. Mbatata nusu kilo zichemshwe na maganda, zimenywe, zipondwe zikiwa moto. Jodari gramu 250 achemshwe na ndimu na thomu, achambuliwe miiba kwa vidole, si kwa macho. Changanya na kitunguu maji kimoja kidogo kilichokatwa chembechembe, kotmiri, chumvi robo kijiko cha chai. Pilipili usitie. Finyanga 16 za umbo la kidole, chovya kwenye yai, viringisha kwenye chenga za mkate mkavu, kaanga kwenye vijiko 3 vya mafuta ukigeuza kila upande. Hazihitaji kuzama.

Zikipasuka kikaangoni, mbatata zilikuwa na maji. Rudisha mchanganyiko kwenye sufuria kavu dakika tatu, ukoroge, upoe, ndipo ufinyange. Bajia za kunde na sambusa nazo ni nzuri. Mbaazi za nazi kwa vitumbua visivyo na sukari ni chai ya asubuhi kamili, na mtoto aliyekula hivyo na yai moja kabla ya kutoka hashindi uwanjani akililia kila kinachouzwa.

Matunda gani yanafaa, na yasiharibike rangi?

Inategemea mwaka, kwani sikukuu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na msimu hauisubiri. Ikiangukia mwisho wa mwaka kuingia Januari, kuna embe na shokishoki. Katikati ya mwaka, machungwa na machenza. Papai na ndizi zipo sokoni siku zote, Darajani na Mwanakwerekwe za Unguja kama Chake na Wete za Pemba.

Ndizi na matufaa yaliyokatwa huwa ya hudhurungi kwa kuguswa na hewa: chovya kwenye kikombe cha maji kilichotiwa ndimu moja, dakika mbili, uchuje. Tikiti likatwe mwisho, kwa sababu hutoa maji na kulowesha mengine. Ukiyatunga kwenye vijiti vya mishikaki, kata ncha. Watoto hukimbia navyo.

Malai ya embe isiyo na sukari hugeuka jiwe. Nifanyeje?

Sukari ndiyo inayozuia barafu kushikana. Badala yake tumia vitu vyenye mafuta na uzito: vikombe 2 vya embe lililoiva sana lililosagwa, ndizi 1, na nusu kikombe cha tui zito lililochemshwa likapoa. Gandisha kwenye vikombe vidogo saa 4 au 5, na utoe dakika tano kabla ya kula. Tui bichi la kukamua kwa mkono usiligandishe bila kulichemsha. Barafu haiui vijidudu.

Rangi nyekundu ya ubuyu na visheti vya rangi ni salama?

Rangi ya chakula iliyofungwa na kuandikwa jina lake, kwa kiasi kidogo, haina tatizo kwa watoto wengi. Ile inayopimwa kwa kijiko kutoka mfuko usio na jina, usiinunue. Nyumbani tumia bitiruti kwa nyekundu, manjano kwa njano, maji ya mchicha kwa kijani. Angalia lakini: bitiruti hufifia kwenye moto mwingi na hupoteza uwekundu ikikutana na magadi au baking poda nyingi, tone la ndimu huirudisha. Manjano nayo hufanya kinyume, ikikutana na magadi hugeuka nyekundu ya matofali. Kwenye unga wa hamira zote mbili zinatulia.

Ubuyu wa nyumbani: kikombe 1 cha mbegu zenye unga wake, sukari vijiko 3 vya kulia, maji vijiko 3 ya bitiruti, iliki. Chemsha sukari na maji mpaka yanate, geuza ubuyu upesi, uepue. Mbegu zake si za mtoto wa chini ya miaka mitano.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe nini?

Papai, embe laini, kiazi kitamu kilichopondwa na tui, kitumbua kisichotiwa sukari. Asiongezewe sukari wala chumvi. Asali asipewe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga.

Vipi kuhusu kukabwa?

Mpaka miaka mitano: njugu na korosho nzima hapana, bisi hapana, zabibu mbichi zikatwe kwa urefu mara nne, shokishoki itolewe kokwa na nyama yake ikatwe. Tende itolewe kokwa na ichanwe. Na mtoto akae chini akila. Kula huku anakimbilia bembea ndiko kunakoleta balaa.

Vitu vinakaa muda gani nje?

Vya nazi, samaki, mayai na maziwa: saa 2, na jua likiwa kali kupita nyuzi 32, saa 1 tu. Tui huchacha kabla halijanuka, kwa hiyo pua isiwe kipimo chako. Vya kubeba uwanjani viwe biskuti, vidonge vya tende, machungwa yasiyomenywa na chupa ya maji. Katlesi na vitumbua viliwe nyumbani. Usifunike vya moto kwa kawa ya plastiki au mfuniko. Mvuke hurudi juu yao, vikalowa na kuharibika mapema.

Majirani wanaleta sahani zimejaa visheti. Nikatae?

Hapana, na wala usirudishe sahani tupu. Gawa: toa vichache vya leo kwenye sahani ya watoto, vilivyobaki weka kwenye kopo juu ya kabati. Visheti vya shira hukaa wiki bila kuharibika, na vinapotoka kwa awamu hudumu hata baada ya skuli kufunguliwa. Ukirudisha sahani, weka vidonge vya tende.

Na vinywaji?

Maji kwanza, tena ya baridi, tena kwenye glasi nzuri za wageni. Madafu pia. Juisi ya ukwaju: gramu 100 za ukwaju kwa lita 1½ ya maji, sukari vijiko 4 vya kulia kwa jagi zima badala ya kikombe, na tende nne zilizosagwa humo humo ili kuivunja ukali. Glasi moja kwa mtoto, wakati wa chakula. Akila vya tende au shira, asukutue kwa maji. Tende hunata kwenye meno kuliko hata peremende.

Watoto wanaweza kusaidia kupika?

Wa miaka mitatu minne: kuviringisha vidonge, kunyunyiza ufuta. Wa sita: kukata miezi kwa glasi, kumenya ndizi, kutoa kokwa za tende. Wa kumi: kukuna nazi kwenye mbuzi, mtu mzima akiwa karibu. Mafuta ya moto na makaa, hapana, hata awe hodari vipi. Mtoto aliyekata biskuti yake mwenyewe huila, hata ikiwa mwezi wake una pembe tatu.

Hivi vinafaa kwa sikukuu nyingine?

Vinafaa. Maulidi, Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi wa Julai, Mapinduzi tarehe 12 Januari. Kwa familia za Kikristo, nyota ile ile ya karatasi hufanya biskuti za Krismasi. Kinachobadilika ni umbo na tunda la msimu tu.